Bomba la Maji Halitoshi

Juma lililopita nilipokea barua kutoka Mkuu, Rombo. Aliyeiandika ni kijana mwenye gereji ndogo ambaye amenunua gari kuukuu na anataka kuliingiza katika mashindano. Injini ameshaifungua na kuifunga upya, na shokomzoba nzuri amepata. Kilichobaki ni kile kizimba cha mabomba ya chuma kinachojengwa ndani ya gari la mashindano ili likipinduka paa lisiwalalie waliomo. Fundi wake amemshauri atumie bomba la maji la inchi moja na nusu, kwa kuwa ni nene na linapatikana Moshi mjini katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na aliunge kwa rodi za kawaida. Kijana anauliza: je, hilo halitoshi? Mwishoni anataja, kama jambo dogo tu, kwamba atakayekaa kiti cha pembeni kumsomea njia ni mpwa wake.

Ningeweza kumjibu kwa neno moja, kwamba halitoshi, nikaendelea na mambo mengine. Lakini fundi yule si mjinga. Anafuata hesabu ambayo watu wengi huifuata, kwamba chuma kinene ndicho chenye nguvu. Hesabu hiyo imeua watu, na kuna historia ndefu ya jinsi ilivyosahihishwa. Tena sehemu ya historia hiyo imepita huko huko mlimani kwao.

Kabla ya reli ya Tanga kufika Moshi mwaka 1911, chuma kilichofuliwa mlima Kilimanjaro kilitoka kwa wingi Upare ya Kaskazini, katika nchi ya Ugweno. Mchanga wenye chuma ulikusanywa, ukachomwa kwa makaa ya miti huku mivuo ikipulizwa bila kupumzika. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Washana. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza kwamba Washana hao ndio waliokuwa watawala wa Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua. Utaona basi kwamba mtu wa nyundo na fuawe hakuwa mtu wa pembeni. Chuma hicho kilipanda Uchaggani kwa biashara, na huko wahunzi, wale wa Mamba wakisifika zaidi, wakakigeuza mikuki, majembe na visu. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi Moshi ya zamani, aliandika mwaka 1912 makala nzima juu ya mhunzi wa Kichagga, mtu aliyeheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja.

Nimewataja wahunzi kwa sababu walijua jambo ambalo fundi wa bomba la maji amelisahau. Bonge la chuma lililotoka tanuruni lilikuwa limejaa mavi ya chuma. Mhunzi alilipasha moto, akalipiga, akalikunja, akalipiga tena, mpaka mavi yatoke na chuma kishikane na chuma. Vipande viwili viliungwa kwa moto na nyundo tu. Mavi yakibaki katikati ya kiungo, mkuki ulivunjika pale pale, na mwenye mkuki pengine hakurudi kulalamika. Mhunzi alijua pia kwamba chuma ni cha namna mbili. Kuna kile laini kinachokunjika, na kuna kile kigumu kinachoshika makali lakini hukatika ghafla. Hata leo wahunzi wetu wanaofua mapanga kutokana na springi za malori wanaijua tofauti hiyo mikononi mwao, ingawa hawaipimi kwa asilimia.

Sasa tuje kwenye magari. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Safari. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yenyewe, na hilo lilikuwa kusudi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot yake. Katikati ya miaka hiyo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 na Volvo. Kisha Bert Shankland na Chris Rothwell wa kwetu Tanzania wakashinda 1966 na 1967, wao pia na Peugeot 404. Mwaka 1972, mashindano yalipoanzia Dar es Salaam, Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda.

Magari ya miaka ile ya mwanzo yalikuwa karibu sawa na yale yaliyouzwa dukani. Ungeongezewa taa, ungeongezewa bati la kukinga injini, basi. Paa liliachiwa Mungu. Bodi ya gari la kawaida ni bati jembamba, mara nyingi halifiki hata milimita moja, na nguzo za paa ni bati hilo hilo lililokunjwa. Gari likibingirika mara moja kwenye majani huenda nguzo zikashika. Likibingirika mara tatu kwenye mteremko wenye mawe, nguzo ya kwanza hulala, na ikishalala ya kwanza zilizobaki hazina kazi. Magari yale yalivumilia kwa sababu mwendo wake haukuwa wa leo, na tope lenyewe liliyapunguza kasi.

Wazo la kuweka tao la chuma nyuma ya kichwa cha dereva lilikomaa ng'ambo, katika mashindano ya magari ya kawaida ya Marekani na katika magari ya wazi ya Ulaya. Katika Formula One tao hilo lilifanywa sharti mwaka 1961. Katika mashindano ya barabara za mashambani lilienea zaidi miaka ya 1970, kisha tao moja likazaa jingine la mbele, matao yakaunganishwa juu ya milango, yakawekewa mihimili ya mshazari, mpaka likawa zizi zima. Wakati huo Safari yenyewe ilikuwa imetuacha. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikimbiwa ndani ya Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka ukafungwa. Watu wa Rombo, ambao Kenya iko chini ya mashamba yao, waliisikia Safari kwenye redio tu.

Nadhani hapo ndipo tulipopoteza kitu. Mafundi wa Kenya waliendelea kuona kwa macho yao jinsi vizimba vinavyojengwa na jinsi vinavyoshindwa. Sisi tukabaki na mafundi hodari wa madirisha ya nondo na mageti.

Kwa hiyo kanuni zinasemaje? Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIA, linataka bomba la chuma cha kawaida kisicho na michanganyiko mingi, lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3. Tao kuu, lile la nyuma ya viti, liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Sehemu nyingi zilizobaki ziwe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Msikilizaji atashangaa kwamba hakuna mahali panaposema kadiri kinavyokuwa kigumu ndivyo bora. Ni kinyume chake. Kaboni ikizidi, chuma huwa kama cha springi, ambacho kina kaboni karibu mara mbili ya kiwango hicho. Ukikichomelea, sehemu iliyo kandokando ya mshono hupoa na kuwa kama kigae. Kizimba kinatakiwa kifanye kazi ya unyenyekevu: kipokee pigo, kijikunje kidogo, kimeze nguvu yake, kisikatike.

Na bomba la maji? La inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, na la daraja la kati lina unene wa milimita 3 na ushee. Fundi ana haki kusema ni nene kuliko linalotakiwa. Lakini bomba hilo limetengenezwa kwa bati lililokunjwa na kuungwa kwa urefu wake wote, na lilikusudiwa kuzuia maji yasitoke, halikukusudiwa kukunjwa wala kugongwa. Ukilipinda, mshono ule huweza kufunguka, na hutajua mpaka siku ya siku. Juu yake limepakwa zinki. Ukichomelea juu ya zinki moshi wake unakupa homa usiku, na ndani ya kiungo zinaachwa tundu kama za mkate. Nimepiga hesabu ya uzito pia. Mita moja ya bomba la maji ina kilo 3.6 hivi, na mita moja ya bomba la milimita 45 kwa 2.5 ina kilo 2.6. Tuseme kizimba kina mita 30 za bomba. Kijana atabeba kilo 30 zaidi, na nyingi kati ya hizo zitakuwa juu, karibu na paa, zikilisaidia gari kupinduka. Amenunua kwa bei nafuu kitu kinachomwongezea ajali na kumpunguzia kinga.

Wapo watakaomwambia atafute chuma cha ndege, kile chenye kromi na molibdeni ambacho Wamarekani hukiita 4130. Ni chuma kizuri sana. Ila watu hudhani kwamba ni chepesi, nacho si chepesi hata kidogo, uzito wake ni ule ule wa chuma chochote. Kinachotokea ni kwamba kwa kuwa kina nguvu zaidi, mtu huruhusiwa kutumia kilicho chembamba. Wala hakikazi kuliko kile cha kawaida kabla ya kuanza kujikunja. Ukazo wa bomba unatoka katika kipenyo chake, jambo ambalo kila aliyejenga kwa mianzi analijua: mwanzi ni mtupu ndani na bado unabeba. Isitoshe, chuma hiki hakisamehe uchomeleaji wa kubahatisha. NHRA, wasimamizi wa mbio fupi za magari huko Marekani, wanataka kiungwe kwa njia moja tu, nayo ni TIG, wakati chuma cha kawaida wanakiruhusu kuungwa kwa MIG vilevile. Kwa gereji ya Mkuu ushauri wangu ni chuma cha kawaida kisicho na mshono. Ni chuma chenye subira.

Tumefika kwenye kuunga, na hapa nitakaa kidogo.

Kuunga chuma kwa gesi ya oksijeni na asetilini kulianza Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiko kulikoenea katika gereji zetu za zamani, gesi ikitengenezwa papo hapo kwa kabaidi na maji. Kwa bomba jembamba mkononi mwa bingwa ni kazi safi, lakini joto lake husambaa mbali na kulegeza chuma kizima. Rodi iliyovikwa unga ni kazi ya Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904. Unga ule unapoungua hutoa moshi unaokinga chuma kilichoyeyuka kisiharibiwe na hewa, kisha huganda juu yake kama gamba. Gamba hilo ndilo mavi ya chuma ya leo. Lisipogongwa likatoka lote kabla ya kupitisha mshono wa pili, linabaki ndani, na tumerudi kwenye mkuki wa mhunzi mbaya.

TIG ilibuniwa mwaka 1941 na Russell Meredith katika kiwanda cha ndege cha Northrop, Marekani. Moto wa umeme hutoka kwenye ncha ya tangsteni, gesi tulivu inakinga, na fundi anaongeza waya taratibu kwa mkono wa pili. Haina gamba. Ni polepole, ni ghali, na inataka chuma kilichosuguliwa kikang'aa na mahali pasipo na upepo. MIG, ambayo waya wake hujisukuma wenyewe kutoka kwenye mashine, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni ya haraka, na kwa sababu hiyo hudanganya, maana mshono wake hupendeza hata pale ambapo haukuingia ndani.

Kama kuna anayedhani kwamba kiungo kibaya ni aibu ya gereji ndogo tu, na akumbuke meli ya mafuta Schenectady. Tarehe 16 Januari 1943 ilikuwa imefungwa gatini Portland, Marekani, mpya kabisa, maji yametulia, hakuna aliyeigusa. Ikapasuka karibu vipande viwili. Meli za zamani zilipigwa ribiti, na ufa ukianza kwenye bati moja uliishia pembeni mwa bati hilo. Ile ilikuwa imechomelewa yote, kwa chuma kilichokuwa kikivunjika upesi penye baridi, ikiwa na kasoro katika maungio, na ufa ulipoanza haukukuta pa kusimama. Kizimba cha gari nacho ni kitu kimoja kilichochomelewa. Hakina sehemu ambayo fundi anaweza kusema hapa si muhimu.

Je, rodi haifai kabisa? Sisemi hivyo. Fundi stadi mwenye rodi nzuri kavu, mashine yenye nguvu ya kutosha na subira ya kugonga gamba anaweza kuunga bomba la milimita mbili na nusu vizuri. Lakini tuseme ukweli wa huko mlimani. Ukungu wa Rombo hulowesha rodi zikiwa kwenye pakiti, na rodi iliyonywa unyevu huingiza hidrojeni kwenye chuma na kukipasua baadaye, kimya kimya. Jioni, taa zote zikiwashwa, umeme hushuka, na mashine iliyosukwa mtaani haina moto wa kutosha. Mshono unakaa juu ya bomba kama nta ya mshumaa, haujaingia. Fundi anajua, kwa kuwa anasikia mlio. Kama ni geti, ataendelea. Ndiyo maana mimi ningependelea MIG yenye gesi, tena asubuhi.

Kuna mahali pamoja ninapomwomba kijana apatazame kwa macho yake mwenyewe. Ni juu kabisa, pale mabomba yanapokutana chini ya paa. Nafasi kati ya bomba na bati la paa ni vidole viwili au chini ya hapo, na mkono wenye rodi haupiti. Kanuni zinataka kiungo kichomelewe mzunguko mzima. Fundi mvivu huchomelea robo tatu, akapaka rangi, na hakuna mkaguzi atakayeona bila kioo. Mafundi wanaojua huanza na kutoboa matundu kwenye sakafu pale miguu ya kizimba itakaposimama, wakakishusha kizimba kizima, wakachomelea juu kwa nafasi, kisha wakakiinua na kuweka mabati ya miguu. Ni siku mbili za kazi zaidi.

Mabati hayo ya miguu nayo yana hesabu yake: yasipungue sentimeta za mraba 120 na unene wa milimita 3. Bila hayo mguu wa kizimba hupenya sakafu ya gari kama mguu wa kitanda kwenye nyumba ya udongo, na kizimba kizuri kikaingia chini pamoja na paa. Kona za bomba zipindwe baridi, kwa mviringo usiopungua mara tatu ya kipenyo. Ule mtindo wa kujaza mchanga na kulipasha moto mpaka liwe jekundu tuuachie wajenzi wa viti. Na ncha ya bomba linalokuja ichongwe mdomo ulikumbatie bomba linalopokea, pasibaki pengo la kujaza kwa rodi.

Wala kizimba hakimalizi yote. Mwaka 1986 huko Corsica, Henri Toivonen na Sergio Cresto walikufa gari lao la Lancia lilipotoka barabarani na kuwaka moto, na mabomba ndiyo yaliyobaki. Mwaka 2005 huko Wales gari la Markko Märtin liligonga mti kwa ubavu, upande wa msomaji njia, Michael Park, naye akafa, na baada ya hapo kinga ya ubavuni ikatiliwa mkazo mpya. Namwandikia kijana jina la Park kwa sababu alikuwa amekaa kiti kile atakachokaa mpwa wake. Na vijana wa Moshi mnaoweka mabomba haya kwenye magari ya mjini kwa urembo, jueni kwamba kichwa kisicho na kofia kikigonga bomba hilo katika ajali ndogo, bomba halijikunji.

Safari ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, safari hii huko Naivasha, baada ya kukosekana humo tangu 2002. Kutoka Mkuu ni mwendo wa siku moja, na kijana akipata nauli aende akatazame ndani ya magari badala ya kutazama vumbi.

Kabla ya hapo afanye hivi. Achukue vipande viwili vya bomba lile lile atakalotumia, fundi wake aviunge kwa mashine ile ile, saa ile ile ya siku ambayo atajenga kizimba. Vikipoa, akate kiungo katikati kwa msumeno, asugue kwa tupa mpaka king'ae, aangalie kama chuma kimeingiana au kuna mstari mweusi kati. Kisha afunge kipande kingine kilichoungwa hivyo hivyo kwenye jiliwa na akipige kwa nyundo kubwa mpaka kitu kitoe. Kikikunjika bomba na kiungo kikabaki, aanze kazi. Kikiachia kwenye mshono, amlipe fundi chai yake na aniandikie tena, nami nitamtafutia kwa barua gereji za Moshi zenye MIG.